Mwaka Niliomwachisha Zuhura Vidonge

Rehema alikuja kwangu Kasulu Jumapili moja mchana, mwezi wa tano ukielekea ukingoni, akakaa kwenye kochi langu lililobonyea katikati, akakataa soda na kuomba maji ya moto. Nikawa namtazama anavyoyanywa. Mabega yamepanda, anameza kidogo anatulia, anameza kidogo anatulia, na kabla hajasema lolote nilikwisha kujua kuwa ana pumu, kwa sababu mama yake alikunywa maji vilevile mezani kwangu mwaka ule. Mara ya mwisho nilimwona akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa bibi yake, siku ya arobaini ya mama yake. Sasa ni mama mzima, ana kazi na shirika moja kule kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kunitafuta kumemchukua miezi. "Mama mdogo," aliniita, na ndivyo inavyostahili, maana mama yake alinizidi umri, "nimekuja kuuliza jina la mti. Ule uliomponya mama pumu kabla hajafa na malaria. Bibi alitunza barua yake, mama ameeleza kila kitu isipokuwa jina. Mimi nimechoka kutembea na pampu kwenye mkoba. Nataka kuiacha." Alisema akitabasamu. Nikamwambia asubiri tule kwanza, nikaenda jikoni nikasimama tu, sufuria mkononi, kwa sababu hiyo malaria niliitunga mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopangiwa kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Kibondo, nesi mpya kutoka Mpwapwa, na mjuaji kupita kiasi. Nilifika mwezi wa saba. Vumbi la barabara ya kutoka Kasulu lilikuwa limeniingia hadi kwenye meno, na nyumba niliyopewa ilikuwa na mtu tayari, mwalimu wa shule ya msingi jirani, Mnyamwezi wa Tabora aitwaye Zuhura, mama yake Rehema, aliyemwacha mtoto kwa bibi huko kwao. Vyumba viwili na sebule. Kuta hazikufika juu, ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kisha hewa tupu mpaka kwenye bati, kwa hiyo hakukuwa na siri ndani ya nyumba ile. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikajibu, akacheka mpaka akashika mlango. "Wamenipa Mgogo! Haya, mtani, ukitaka kuniomba chochote omba leo, kesho sina." Nikamjibu kwamba kwetu Wanyamwezi tunawapakia mizigo mgongoni na kuwaonyesha njia. Tukawa ndugu kuanzia hapo. Tulikula pamoja ugali wa muhogo ambao sikuwahi kuuzoea, dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa mawese, maharage, na ndizi za kuchemsha alizoletewa na wazazi wa wanafunzi. Alfajiri nilimsikia akiswali upande wa pili wa ukuta. Nisingeelewa maneno hata kama ningetaka, ila nilijifunza kusikia mahali anapokata pumzi. Siku njema aliimaliza aya kwa mkupuo. Siku mbaya aliikata mara tatu, mara nne, na baina ya vipande kulikuwa na mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nilijua hali yake kabla sijamwona uso.

Dawa yake aliiweka kwenye kopo la kahawa juu ya kabati la vyombo. Vidonge vya aminofilini na salbutamoli, ambavyo kaka yake alimtumia kutoka Tabora kila alipopata mtu wa kumtuma. Kituoni kwetu vilikuja na kutoweka. Pampu za kuvuta, hizi ambazo leo kila duka kubwa la dawa linazo, nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Mwezi wa nane na wa tisa alibanwa mara nyingi, maana ndio msimu wa kusafisha mashamba kwa moto, na vilima vyote vilikuwa vinafuka. Alikuwa akikaa kwenye kiti, viwiko juu ya magoti, macho yamemtoka, na mimi nikimpa vidonge na kumpapasa mgongo, na baada ya muda alipata sauti na kitu cha kwanza kusema kilikuwa matusi ya utani. Vidonge vilimfanya mikono itetemeke, chaki ikimdondoka darasani na watoto wakicheka. Hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. "Debora," aliniambia siku moja, na jina langu hakulitumia ila akiwa hana mzaha, "mimi sitaki kuzeeka nikitetemeka."

Habari za Mzee Bikorimana nilizipata kwenye foleni. Nesi akichoma sindano watu humsahau kama wanavyousahau ukuta, na wanawake wale waliongea wakidhani Kiswahili changu cha Dodoma hakielewi chao kilichochanganyika na Kiha. Walisema yuko Titye, kule upande wa Kasulu, ana dawa ya kifua kilichokaa miaka. Mmoja alisema mume wake alikuwa halali chini, analala ameketi, sasa analima. Mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa kituo, mtu mwenye haraka na dharau, alinisikia nikiuliza swali akacheka mbele za wagonjwa. "Nesi wangu anataka kwenda kwa waganga. Ulete ushahidi, nesi, siyo hadithi." Maneno yale yalinichoma. Laiti angeninyamazia tu. Nilitoka pale nimeazimia kumletea ushahidi wake na kumtupia mezani, na kila nilichokifanya baadaye kilianzia kwenye hasira ile ndogo ya kipuuzi.

Tulikwenda Titye mwezi wa kumi, mimi na Zuhura, tumeketi juu ya magunia kwenye lori la mfanyabiashara wa maharage. Nilitegemea tunguri na vitambaa vyekundu. Nikamkuta mwanamume mkavu, amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi, anapalilia kahawa yake. "Mwakeye," akatusalimia, akanawa mikono kabla hajamgusa Zuhura, jambo ambalo nilikuwa nimeshindwa kuwafundisha wahudumu wetu wawili. Aliweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza muda mrefu. Akauliza kama anakohoa damu, kama anatoka jasho la usiku, kama amekonda. "Angekuwa anakohoa damu ningewarudisha hospitali," alisema. "Hiyo si yangu." Alitupa magome yaliyokatwakatwa, yachemshwe, yachanganywe na asali, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Zuhura akafungua mdomo kusema asante, mzee akamzuia kwa kiganja. "Hapa dawa haishukuriwi siku unayopewa. Ukipona ndiyo urudi ushukuru." Na namna ya kushukuru ilikuwa moja kwa wote: aliyepona alikuja na kijiti cha mnyaa, mti wa utomvu unaochipua ukichomekwa tu, na kukichomeka kwenye ua wa mzee. Nikautazama ule ua. Ulizunguka nyumba, banda la mbuzi, na sehemu ya shamba, minyaa minene na minyaa myembamba, mingine imepita urefu wa mlango, imebanana kiasi kwamba kuku asingepenya. Kila mmoja ni mtu aliyekuwa hapumui na sasa anapumua. Nikajiambia, ushahidi ndio huu hapa, umeota.

Tulipokuwa tunaondoka nikamuuliza kuhusu vidonge, Zuhura ameshatangulia barabarani. Nakumbuka jibu lake neno kwa neno, maana nimelirudia kichwani miaka yote hii. "Vidonge usimnyang'anye," alisema. "Mimi sijui vinavyofanya kazi, na wewe huujui huu mti wangu. Wasiojua wawili wasigombanie mgonjwa mmoja." Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikasema huyu mzee hajasoma.

Mvua zilianza wiki ile ile tuliyoanza dawa. Ningekuwa na akili ningesimama hapo nifikiri. Vumbi likalala, moto ukazimika milimani, hewa ikawa imeoshwa, na Zuhura akaanza kupumua. Krismasi ilipofika alikuwa anaswali aya zake kwa mkupuo mmoja kila alfajiri, na mimi nikilala upande wangu wa ukuta nikisikiliza, nimejaa furaha mpaka machozi. Alinenepa. Alicheza rede na wanafunzi uwanjani. Lakini bado alikuwa anameza vidonge vyake, na hilo lilinikera, kwa sababu nilimsikia mganga mfawidhi kichwani akisema ni vidonge hivyo, nesi, siyo magome yako. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua kitu kinafanya nini, ondoa kingine. Nikamweleza Zuhura hivyo tukiwa tunachambua maharage. "Ukiviacha vidonge na ukabaki mzima, tutakuwa na uhakika," nilimwambia. "Wengi watapona kwa ajili yako." Akaniuliza, "Na nisipobaki mzima?" Nikamjibu, "Mimi si nipo hapa." Akacheka, akasema Mgogo ameanza kuomba sasa, anaomba na vidonge. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akanipa kopo.

Nilipeleka lile kopo wodini. Nataka nilisimulie hili taratibu, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya nimdanganye bibi yake Rehema. Kituoni kulikuwa na upungufu, tulikuwa na mzee wa Kasanda amelazwa na kifua, na mimi nikaona huruma na sayansi vimekutana. Nikavimimina vidonge kwenye chupa ya wodi. Mzee yule akaruhusiwa anatembea, mwanawe akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani nikinyanyua kichwa. Kopo tupu nililiosha tukawekea chumvi.

Mwezi wa nne Zuhura aliandika ile barua kwao. Aliniita niisome, kurasa mbili, amemsifu mzee wa Titye, amenisifu mimi zaidi, amemwambia mama yake kwamba ameacha vidonge na mikono haitetemeki, tazama mwandiko huu. Chini ilikuwa imebaki nafasi. "Andika na wewe, mama hataniamini mimi, ataamini nesi," akasema. Nikachukua kalamu nikaandika kwamba mimi, muuguzi wa serikali, nathibitisha kuwa mwanao amepona kabisa. Nikaweka sahihi. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Titye, akachomeka kijiti chake cha mnyaa kwenye pengo dogo karibu na banda la mbuzi, mzee akakishindilia udongo kwa kisigino. Zuhura alipiga vigelegele peke yake, na wale mbuzi wakakimbia.

Mvua zilikatika mwezi wa tano. Sikuona tofauti mwanzoni, au niliona nikafumba macho, Mungu ndiye ajuaye. Aya ilianza kukatika mara moja. Nikasema ni baridi. Mwezi wa sita ikakatika mara mbili, tukaongeza kikombe cha mchana. Nyasi za kilima cha nyuma ya shule zilikauka zikawa na rangi ya simba, na jioni watu walisikika wakipangana zamu za kuchoma. Asubuhi moja nilimkuta Zuhura ameketi jikoni, viwiko juu ya magoti. Hakuwa amebanwa sana. Aliinua uso, akatazama juu ya kabati, akashusha macho. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba hakuniuliza. Alikuwa amechomeka kijiti mbele ya mzee, na kule mtu hachomeki kijiti halafu akarudi kuugua, ni aibu, ni kama kumwita mzee mwongo. Nami nilikuwa nimeweka sahihi. Kila mmoja alikuwa anamtunzia mwenzake heshima, na kifua chake kikawa kinaziba siku hadi siku. Nilimwandikia kaka yake atume vidonge. Barua nikaiweka kwenye mfuko wa gauni langu jeupe nikisubiri mtu wa kumpa. Gauni nikalifua nayo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nane, saa sita mchana, jua kali. Mtu alitia moto shamba lake, upepo ukageuka, moto kichaa ukapanda kilima na moshi wote ukashukia shuleni. Zuhura aliwatoa watoto madarasani mmoja mmoja. Walimu wenzake wawili walimleta kituoni wamembeba kwenye kiti. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Nililifungua kabati la dawa nikiwa najua kilichomo, kwa sababu nilikuwa nimehesabu dawa zake asubuhi, na bado nililifungua na kupapasa nyuma ya chupa. Aminofilini ya sindano hakuna. Vidonge hakuna. Mganga mfawidhi alikuwa amekwenda Kigoma na gari kufuata dawa, na gari jingine lolote la kumkimbiza mjini halikupatikana. Zuhura alinishika gauni. Alitaka kusema kitu, na kila neno lilimgharimu pumzi nzima. "Debora. Kopo langu." Nikamtuma mhudumu nyumbani akimbie, akalete chupa ya magome. Ndiyo, hilo nililifanya. Nilimwinua kichwa nikamnywesha, akameza mafunda mawili kwa ajili yangu, naapa yalikuwa kwa ajili yangu, la tatu likatoka. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikufa ameketi, amenishika.

Mganga mfawidhi aliporudi hakunisema. Aliandika cheti, akanitazama, akaondoka chumbani, na tangu siku ile hakuwahi kunitania tena. Mama yake Zuhura alipofika kutoka Tabora alinikumbatia akanishukuru kwa kumtunza mwanawe. Nikafungua kinywa niseme ukweli, ikatoka malaria. Malaria imempanda kichwani, mama, tulijitahidi. Akasema, "Bora pumu ilimwacha, angalau alipata mwaka mmoja wa raha." Rehema alikuwa mgongoni kwake, ananyonya kidole.

Baada ya arobaini nilikwenda Titye kugombana. Nilimkuta Mzee Bikorimana palepale kwenye kahawa yake, nikamwambia Zuhura amekufa, nikamwambia na jinsi alivyokufa. Aliweka jembe chini. Hakubisha, hakujitetea, na hasira yangu ikakosa pa kushika. Nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. "Wale wasiopona, mzee. Wao hufanya nini?" Akanishangaa kwa dhati. "Hao hawarudi," akasema. "Mimi nitawajuaje?" Nikazungusha macho pale uani, nikaona kwamba kwa kila mnyaa mmoja huenda kulikuwa na kaburi moja mahali fulani, au matatu, au hapana hata moja, na kwamba si yeye, si mimi, si mtu yeyote chini ya jua aliyewahi kuyahesabu. Kijiti cha Zuhura kilikuwa kimechipua vizuri. Nikamuuliza kwa nini asiking'oe. "Alipona," mzee alijibu kwa upole, "halafu akafa." Aliamini hivyo. Hakuwa tapeli, na ndiyo maana nilimwogopa kuliko tapeli.

Nimefanya unesi miaka mingi baada ya pale, na watu wananiuliza kama nadharau mitishamba. Sidharau. Wapo siku hizi wataalamu wanaopima magome na mizizi kwenye maabara, wafanye kazi yao, na hata ile aminofilini ya Zuhura ina ukoo na kitu kilichomo kwenye majani ya chai. Huenda mti wa Titye una kitu. Sijui, na aliyekuwa anaweza kunisaidia kujua nilimwua kwa kutaka kujua haraka. Ninachokijua ni kidogo: kifua cha namna ile huja na kuondoka na msimu, na ukianza dawa mvua zinapoanza, hata maji ya kisima yatakuponya. Mgonjwa wa kifua akija kwangu na chupa yake ya magome simnyang'anyi. Namwambia anywe, ila dawa ya hospitali isitoke mfukoni, na arudi, hasa akizidiwa.

Haya yote nilimwambia Rehema Jumapili ile, chakula kinapoa mezani. Sikuficha kopo wala malaria. Nilidhani atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa ile barua kwenye mkoba, akaikunjua kwenye goti na kuweka kidole chini kabisa, kwenye mwandiko wangu wa ujana, ulionyooka, unaojiamini. "Hii nimeisoma tangu darasa la tatu, mama mdogo. Niliijua kwa moyo." Nikamwambia asahau kila neno langu lililo pale. Akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Naelewa una uchungu, lakini mama alipona mwaka mzima, hilo hata wewe hulikatai." Kisha akasema kwamba jina la mti hakulihitaji sana, alitaka tu kuhakikisha. Mjukuu wa mzee wa Titye anayauza magome yaleyale sokoni, na yeye Rehema ameanza kuyanywa tangu mvua za mwezi wa kumi na moja. Pampu ameiacha tangu Januari, ile niliyodhani iko mkobani. Hajabanwa hata mara moja.

Nilimshika mkono tukaenda duka la dawa, nikamnunulia pampu mpya, akaipokea kwa heshima kama mtoto mwema anavyopokea kitu asichokitaka. Amerudi Nduta. Sasa ni mwezi wa saba, na kutoka dirishani kwangu naona moshi sehemu tatu. Nampigia kila asubuhi saa moja. Ananiambia yuko salama, ananieleza habari za kazi, za wanawe, na mimi namwacha aongee apendavyo, maana siyasikilizi maneno, nasikiliza anapokata pumzi. Wiki iliyopita hakuikata. Juzi aliikata mara moja. Jana hakupokea mpaka nilipopiga mara ya tatu.